Mapenzi juu ya manowari halisi: kuielewa filamu Here Comes the Navy ya mwaka 1934

Mwezi Julai 1934 studio ya Warner Bros. ya Marekani ilitoa filamu iitwayo Here Comes the Navy, yaani Jeshi la Majini Hilo Linakuja. Mhusika wake mkuu ni Chesty O'Connor, kijana mkorofi anayefanya kazi ya kupiga ribiti, yaani kuunganisha vyuma kwa misumari ya chuma, ambaye anajiunga na jeshi si kwa uzalendo wala kwa shida ya riziki, bali kwa sababu anamtafuta Biff Martin, mwanajeshi aliyemshinda kwa ngumi katika dansi na kuondoka na msichana wake. Chesty anampata adui yake, lakini anamkuta akiwa ni afande wake. Baadaye anampenda Dorothy, dada yake Biff, na hapo ndipo kisa kinapofungamana.

Kama ingekuwa ni kisa hicho peke yake, filamu hii ingekuwa imekwisha kufunikwa na vumbi pamoja na mamia ya filamu nyepesi za wakati wake. Inaendelea kutazamwa kwa sababu meli ambayo Chesty na Biff wanagombana ndani yake haikuundwa kwa mbao na rangi studioni. Ni manowari ya kweli, USS Arizona, ile ile iliyolipuliwa na ndege za Japani katika bandari ya Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, ikafa na watu 1,177. Mtazamaji wa leo anacheka, kisha anaona jina la meli limeandikwa, na kicheko kinakoma. Tangu hapo hajui tena anatazama nini: mapenzi, tangazo la kuandikisha askari, au kumbukumbu ya marehemu. Kwa maoni yangu, ili kulifumbua fundo hili ni lazima tuanze na mapenzi, ingawa ndiyo sehemu ambayo wengi huipuuza, kwa kuwa mapenzi hayo ndiyo yaliyoliwezesha jeshi kujionyesha kwa watu ambao hawakutaka kusikia habari za vita.

Kwanza tuondoe utata mmoja wa maneno. Tunapoiita filamu hii ya "kabla ya vita", tunatumia ujuzi ambao walioitengeneza hawakuwa nao. Kwao wao, vita ilikuwa ni ile iliyokwisha Novemba 1918, na kumbukumbu yake ilikuwa chungu. Filamu iliyopewa tuzo ya Oscar ya filamu bora miaka michache tu kabla, All Quiet on the Western Front ya mwaka 1930, ilieleza vita kama machinjo ya vijana yasiyo na maana. Mkataba wa Washington wa mwaka 1922 ulikuwa umesimamisha ujenzi wa manowari mpya kubwa kwa miaka kumi, na ule wa London wa mwaka 1930 ukaongeza muda hadi 1936. Mwezi Aprili 1934 Baraza la Seneti la Marekani liliunda kamati chini ya Seneta Gerald Nye ili kuchunguza wafanyabiashara wa silaha, kwa kuwa wananchi wengi waliamini kwamba matajiri hao ndio walioivuta nchi yao vitani mwaka 1917.

Lakini katika miezi hiyo hiyo upepo mwingine ulikuwa ukivuma. Tarehe 27 Machi 1934 Rais Franklin Roosevelt, ambaye aliwahi kuwa naibu waziri wa Jeshi la Majini kuanzia 1913 hadi 1920, alitia sahihi sheria ya Vinson-Trammell, iliyoruhusu jeshi hilo kujengwa hadi kufikia kikomo kilichowekwa na mikataba. Meli mpya zilihitaji fedha, na fedha za umma huhitaji wananchi wasionung'unika. Kwa hiyo jeshi lilikuwa na haja ya kupendwa katika nchi iliyochoka na vita. Ni hapo ndipo Hollywood ilipokuwa na msaada ambao hotuba za maofisa hazingeweza kuutoa.

Ujirani nao ulisaidia sana. Hadi mwaka 1940 manowari kubwa za Marekani katika bahari ya Pasifiki zilikuwa zikikaa San Pedro na Long Beach, kwenye pwani ya Los Angeles, yaani mwendo mfupi wa gari kutoka studio za sinema. Mabaharia waliokuwa likizoni walitembea katika mitaa ile ile waliyotembea waigizaji. Mapatano kati ya pande hizo mbili yalikuwa rahisi kuyaeleza: jeshi lilitoa meli, mizinga, viwanja na mamia ya askari wa kujaza picha, vitu ambavyo hakuna studio ambayo ingemudu kuvijenga, studio nayo iliwasilisha mswada wa filamu usomwe na maofisa kabla ya kibali kutolewa. Hakuna aliyehitaji kumlazimisha mwenzake. Mwandishi aliyejua kwamba mswada wake utasomwa na maofisa wa jeshi alijua pia, bila kuambiwa, mambo gani asiyaandike. Kwa njia hiyo mwongozaji Lloyd Bacon alipata kupiga picha ndani ya Arizona na katika karakana ya jeshi ya Bremerton, jimbo la Washington, ambako meli hutiwa gudi, yaani hutolewa majini zikarabatiwe. Alipiga pia katika kambi ya mafunzo ya San Diego. Na katika uwanja wa Moffett huko California, ambako chombo kikubwa cha angani cha jeshi kilikuwa kikihifadhiwa.

Sasa tuyarudie mapenzi. Umbo la kisa, wanajeshi wawili wenye vichwa vigumu wanaotukanana tangu mwanzo hadi mwisho huku mwanamke akiwa katikati yao, halikubuniwa mwaka 1934. Lilikwisha kuzoeleka kutokana na What Price Glory, mchezo wa jukwaani wa mwaka 1924 uliogeuzwa filamu mwaka 1926. Tofauti ni kwamba katika kisa kile cha kwanza wanajeshi wako Ufaransa, vitani, na wenzao wanakufa kweli. Katika Here Comes the Navy hakuna vita wala taifa adui. Mizinga inalia, lakini inalia mazoezini. Nafasi yote ambayo katika hadithi ya kijeshi hukaliwa na adui imejazwa na mtu mmoja, afande Biff, na afande huyo amepewa dada.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuona ujanja huu haraka kuliko wengine, kwa sababu lugha yetu ina neno lake. Chesty akimuoa Dorothy, Biff hatabaki kuwa adui, wala hatabaki kuwa afande tu, atakuwa shemeji. Uhasama ambao ungeweza kumalizwa kwa mmoja kumshinda mwingine unamalizwa kwa ndoa, na jeshi ambalo Chesty aliingia ili alitumie kwa kisasi chake linageuka kuwa ukwe wake. Kumpenda Dorothy na kulikubali jeshi vimesukwa pamoja kiasi kwamba hawezi kupata kimoja akakikataa kingine. Anapotoroka melini bila ruhusa ili amwone msichana, anakamatwa na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mapenzi yanayovunja nidhamu yanaadhibiwa, na yale yanayopitia katika nidhamu yanaishia kwenye harusi na cheo: mwishoni Chesty anapandishwa kuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, juu ya shemeji yake.

Nadhani hii ndiyo sababu Dorothy, aliyeigizwa na Gloria Stuart, amepewa machache mno ya kufanya. Yeye ni mlango wa kupitia, na mwandishi hakujali sana mlango huo unawaza nini. Stuart anafanya awezalo kwa utulivu wa uso wake, na inasikitisha kuona kipaji kikitumika nusu. Uchangamfu wa kweli wa filamu unatoka kwa James Cagney aliyemwigiza Chesty, kwa Pat O'Brien aliyemwigiza Biff, katika filamu ya kwanza kati ya nyingi walizocheza pamoja, na kwa Frank McHugh, rafiki mpole wa Chesty anayehangaika kupata fedha za kumnunulia mama yake meno ya bandia.

Kuhusu Cagney kuna jambo la kuongeza. Miaka mitatu kabla alikuwa amepata umaarufu kwa kuigiza jambazi katika The Public Enemy, na watazamaji walimpenda kwa hasira zake za ghafla na ulimi wake mwepesi. Kufikia mwaka 1934 makanisa, hasa Wakatoliki, yalikuwa yakitishia kuwakataza waumini wao wasiende sinema, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo kila filamu ya studio kubwa ilitakiwa kupata cheti kutoka ofisi mpya ya maadili iliyoongozwa na Joseph Breen. Jambazi anayependeza hakuweza tena kupita kirahisi. Warner Bros. haikumwacha nyota wake, bali ilimbadilishia nguo: hasira ile ile ikavikwa sare ya baharia, na mwaka uliofuata, katika G Men, ikapewa kitambulisho cha upelelezi wa serikali. Tusisahau pia hali ya uchumi. Mwaka 1933 takribani mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Kwa kijana aliyeketi gizani ndani ya sinema akiwa hajala tangu asubuhi, picha za mabaharia wanaokula pamoja, wanaolala mahali pakavu na kupokea mshahara zilikuwa na mvuto ambao sisi hatuwezi kuupima kwa kutazama kisa peke yake.

Ipo sehemu moja ambayo singependa ipitwe haraka. Ili atoke melini bila kutambuliwa, Chesty anajipaka rangi nyeusi usoni na kujichanganya na mabaharia weusi wanaokwenda matembezini. Mwaka 1934 hilo lilikusudiwa kuchekesha. Ukiuliza mabaharia hao walikuwa wakifanya kazi gani ndani ya Arizona, unafika kwenye historia ambayo filamu haikuieleza. Tangu mwaka 1919 Jeshi la Majini lilikuwa limeacha kuandikisha Wamarekani weusi wapya, na lilipofungua tena mlango mwanzoni mwa miaka ya 1930 liliwaruhusu waingie katika huduma ya chakula tu: kuandaa meza za maofisa, kuosha vyombo, kutandika vitanda. Hawakufundishwa mizinga wala hawakuweza kuota cheo alichopewa Chesty. Chesty anauvaa weusi kwa dakika chache na kuuosha. Wale wengine walibaki jikoni.

Na katika filamu hiyo hiyo Chesty anapewa nishani ya Navy Cross, mojawapo ya nishani za juu kabisa za ushujaa katika jeshi hilo. Mtazamaji anayeijua historia hawezi kukutana na jina la nishani hiyo bila kumkumbuka Doris Miller, mhudumu wa meza wa manowari West Virginia, iliyokuwa katika safu moja na Arizona asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941. Miller alisaidia kumhamisha nahodha wake aliyejeruhiwa, kisha akashika bunduki ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia. Tarehe 27 Mei 1942 Admirali Chester Nimitz alimvalisha Navy Cross, naye akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Aliuawa Novemba 1943 meli nyingine aliyokuwamo ilipozamishwa. Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu filamu yenyewe imeyaweka pamoja bila kujua: rangi nyeusi iliyotumiwa kwa mzaha na nishani iliyotumiwa kwa heshima, ndani ya kisa kimoja cha mapenzi.

Chesty anaipata nishani yake kwa tendo linalohitaji maelezo kidogo ya ufundi. Arizona ilikuwa na urefu wa mita 185 na mizinga mikubwa 12 ya inchi 14, iliyopangwa mitatu mitatu katika minara minne inayozunguka. Baruti ya mizinga hiyo haikuwa ndani ya ganda la shaba kama risasi ya bunduki. Ilifungwa katika mifuko ya hariri iliyosukumwa ndani ya mtutu nyuma ya kombora. Kwa hiyo cheche moja iliyobaki mtutuni baada ya mlio wa kwanza iliweza kuwasha mifuko ya mlio wa pili wakati mlango wa nyuma ungali wazi, na mnara mzima, wenye watu wengi waliofungiwa ndani ya chuma, ukageuka tanuru. Jambo kama hilo lilikwisha kutokea. Tarehe 12 Juni 1924, karibu na San Pedro, mlipuko wa namna hiyo katika manowari Mississippi uliua watu 48 wakati wa mazoezi ya shabaha. Chesty anapoikabili baruti inayowaka mnarani na kuungua akiwaokoa wenzake, watazamaji wa pwani ya California walikuwa na kumbukumbu ya miaka kumi tu ya mazishi ya kweli.

Hali ni hiyo hiyo katika tukio la kilele. Chesty amehamishiwa katika kikosi cha USS Macon, chombo cha angani chenye urefu wa mita 239, kilichoelea kwa gesi ya heli na kubeba ndege ndogo za kivita tumboni mwake. Macon inapojaribu kutua, Biff, aliye miongoni mwa askari wanaoshika kamba chini, ananyanyuliwa hewani akining'inia, na Chesty anateremka kwa kamba hiyo hadi alipo na kumshusha kwa parachuti. Inaonekana kama uzushi wa sinema, lakini chanzo chake kilionekana katika filamu za habari: tarehe 11 Mei 1932, Camp Kearny, California, Akron, chombo ndugu cha Macon, kiliwanyanyua askari watatu kwa kamba. Wawili waliachia na kufa. Wa tatu, Bud Cowart, alijifunga kwenye kamba na baada ya muda mrefu akavutwa ndani akiwa hai. Akron yenyewe ilianguka baharini tarehe 4 Aprili 1933 na kuua watu 73 kati ya 76 waliokuwamo. Filamu ikachukua hofu ambayo kila mtu aliijua, ikaipa mwisho mwema, na mwisho huo mwema ukawa ni upatanisho wa mashemeji watarajiwa.

Maisha ya kweli hayakungoja kuirekebisha picha hiyo. Tarehe 26 Julai 1934, siku chache baada ya filamu kuanza kuonyeshwa, Arizona iligongana na mashua ya uvuvi kwenye pwani ya jimbo la Washington, wavuvi wawili wakafa, na nahodha wake akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, isiyo na lolote la kuchekesha. Tarehe 12 Februari 1935 Macon ilivunjika katika dhoruba na kuzama karibu na Point Sur, California. Kati ya watu 83 wawili walifariki. Siku kumi na tano baadaye, tarehe 27 Februari, zilitolewa tuzo za Oscar za mwaka 1934, na Here Comes the Navy ilikuwa moja ya filamu 12 zilizoteuliwa kuwania tuzo ya filamu bora, pamoja na Flirtation Walk, hadithi nyingine ya mapenzi na sare, hiyo ikihusu chuo cha kijeshi cha West Point. Ushindi ulikwenda kwa It Happened One Night. Uteuzi huo huwashangaza wengi leo, kwa kuwa kazi hii ni ya kiwango cha kati, yenye mwendo mzuri na mapenzi membamba. Lakini wapiga kura wa wakati ule waliona kitu ambacho sisi hatukioni tena kwa macho yao, yaani jinsi ilivyokuwa ajabu kupelekwa ndani ya manowari na ndani ya chombo cha angani kwa bei ya tiketi moja.

Kilichoibadilisha filamu hii maana ni uamuzi wa mwaka 1940. Baada ya mazoezi ya mwaka huo Roosevelt aliagiza manowari zisirudi San Pedro bali zibaki Pearl Harbor, Hawaii, ili ziwe onyo kwa Japani. Admirali James Richardson alipinga, akisema mahali pale hapakuwa tayari, na mapema mwaka 1941 aliondolewa katika uongozi. Kuhama huko kulimaliza ujirani wa manowari na studio, na kukaiweka Arizona mahali ilipokutwa na bomu lililopenya sehemu ya mbele na kuwasha ghala la baruti. Ajali ambayo Chesty aliizuia katika mnara wa kubuni ilitokea katika meli ile ile miaka saba baadaye, kwa ukubwa ambao hakuna mtu ambaye angeweza kuuzuia.

Gloria Stuart aliishi miaka 100. Mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 87, alionekana katika Titanic kama bibi kizee anayeisimulia meli iliyozama akiwa msichana, na akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Wengi waliomwona humo hawakujua kwamba alikwisha kuigiza, ujanani, katika hadithi ya meli nyingine ambayo baadaye ilizama na watu wake.

Atakayeitazama Here Comes the Navy kwa mara ya kwanza namshauri asitazame waigizaji peke yao. Awatazame wanaopita nyuma yao. Cagney na O'Brien walifundishwa kuvuta kamba na kupiga saluti kwa ajili ya kamera. Wale wa nyuma walikuwa kazini. Wanafagia sitaha, wanapanga mstari, wanapanda ngazi kwa haraka ya watu wanaoijua ngazi hiyo hata gizani, na mmoja mmoja anageuka kidogo kuitazama kamera kabla ya kukumbuka kwamba ameambiwa asifanye hivyo.